Baada ya matundu madogo, nani amweleze mwanamke habari za chumbani?

Dada yangu alitoka wodini siku ya pili baada ya upasuaji, akitembea mwenyewe. Tumboni alikuwa na plasta nne, moja kwenye kitovu na tatu chini yake, na chini ya kila plasta kulikuwa na kidonda kisichofika sentimita moja na nusu. Jioni majirani walipokuja kumjulia hali alifunua kanga kidogo wakaziona. Wakazihesabu. Mmoja akauliza, "Yaani kizazi chote kimetokea hapo?" Hakikutokea hapo. Kilitolewa kupitia ukeni, lakini dada hakuwa na nguvu ya kueleza, na sebule iliyojaa watu haikuwa mahali pa maelezo hayo.

Kabla ya hapo alikuwa ameteseka miaka sita na uvimbe kwenye kizazi. Siku za hedhi alivaa pedi mbili kwa mpigo na kitenge cheusi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku hizo alifundisha kutwa nzima amesimama, kwa sababu aliogopa kukaa kwenye kiti mbele ya watoto akainuka na kuacha alama. Aliongezewa damu mara mbili. Daktari aliposema kizazi kitolewe, na kwamba angeweza kukitoa kwa matundu madogo bila kupasua tumbo, dada alikubali siku hiyohiyo.

Alipotoka alipewa karatasi ya kuruhusiwa. Dawa za maumivu mara tatu kwa siku. Asibebe ndoo ya maji. Arudi kliniki baada ya wiki mbili. Muuguzi alimweleza hata habari za bega, kwamba bega la kulia litamuuma siku mbili tatu kwa sababu tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona, na hewa inayobaki humsumbua mtu hadi begani. Kweli bega lilimuuma kuliko tumbo, na kwa kuwa alishaambiwa hakuogopa. Shemeji aliisoma karatasi ile mara mbili, mbele na nyuma, akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Nilijua anatafuta nini. Dada naye alijua. Hakikuandikwa.

Wiki ya tano aliniita jikoni, akapunguza moto wa jiko, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, wewe unaandika mambo ya afya. Hivi mimi bado ni mke?"

Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Alisema kama yeye, mwenye diploma na mdogo wake mwandishi, alikaa wiki tano na swali hilo kifuani, basi wako wengi wanaokaa nalo miaka.

Mwanamke akijifungua, mtaa mzima unajua kuna arobaini. Mama mzazi au mama mkwe anakuja na begi lake, maji ya moto yanachemshwa, uji wa pilipili manga unapikwa, na mume haulizi lolote, kwa sababu mila imeshamjibu. Siku hizo 40 zimekaribiana sana na wiki sita za hospitali, ambazo ni siku 42. Wazee waliweka ukuta mahali palepale ambapo udaktari umeuweka.

Aliyetolewa kizazi kwa matundu madogo hana arobaini. Watu wanaona plasta nne. Wiki ya pili wanamtarajia kwenye kikoba, wiki ya tatu kwenye shughuli akikuna nazi na wenzake. Wifi yake dada alimwambia wazi kwamba siku hizi upasuaji ni kama kung'olewa jino. Aliyepasuliwa tumbo kwa kisu kirefu walau ana kovu la kumtetea, kila anayeliona anamwambia akae chini. Mwenye matundu madogo hatetewi na chochote, na anayelala naye kitanda kimoja anaona ngozi imeshapona kabisa.

Lakini kidonda kikubwa kiko ndani. Ili kizazi kitoke, lazima kikatwe pale shingo yake inapoungana na sehemu ya juu ya uke. Kikishatolewa, uke unabaki wazi kwa juu, na daktari anaufunga kwa nyuzi, kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Nyuzi huyeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa. Kabla nyama haijashikana vizuri, mshono huo ndio peke yake unaotenganisha uke na matumbo.

Hapa matundu madogo yana jambo lao ambalo wanawake wachache huambiwa. Katika njia hii daktari mara nyingi hukata kwa vifaa vya umeme, ambavyo hukata na kukausha damu kwa joto. Fundi cherehani anayeunguza ukingo wa utepe wa nailoni kwa kiberiti ili usifumuke analijua hili: ukingo ulioungua unakakamaa, na ukipitisha sindano karibu mno na pale palipoungua, utepe unachanika. Ndivyo wataalamu wanavyoeleza kwa nini mshono wa juu ya uke hufumuka zaidi kwa wanawake waliotolewa kizazi kwa matundu madogo kuliko waliopasuliwa tumbo. Hospitali moja ya wanawake katika mji wa Pittsburgh, Marekani, ilitangaza mwaka 2007 kwamba mishono hiyo ilifumuka kwa karibu wanawake 5 katika kila 100 waliotolewa kizazi chote kwa njia hii, wakati kwa waliopasuliwa tumbo hawakufika hata 1 katika 500. Miaka iliyofuata hospitali hiyohiyo ilihesabu tena, na idadi ikawa imeshuka hadi 1.35 katika 100. Huenda madaktari walishajifunza kupitisha sindano mbali na ukingo ulioungua.

Kwa hiyo ni jambo la nadra. Likitokea, hata hivyo, utumbo unaweza kushuka ukeni, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Kwa wanawake ambao bado hawajafika umri wa kukoma hedhi, kinachosababisha mara nyingi zaidi ni tendo la ndoa lililofanywa mapema.

Ndiyo maana madaktari wanasema wiki sita kwa uchache, kitu chochote kisiingie ukeni. Wengi wanapendelea nane, na wapo wanaosubiri hadi 12. Mwenye kisukari, anayevuta sigara au anayetumia dawa za steroidi hupona polepole, naye hesabu yake irefushwe. Na kuhesabu siku ukutani hakutoshi. Daktari anatakiwa auangalie mshono wenyewe kwa macho kabla ya kutoa ruhusa. Wiki za kwanza matone ya damu au uchafu wa kahawia ni kawaida, nyuzi zinayeyuka. Damu nyingi, maji yanayochuruzika ghafla, harufu mbaya, homa, maumivu makali ya ghafla au kuhisi kitu kinashuka, hayo si ya kusubiri kliniki. Na kinachoshuka kisirudishwe kwa mkono.

Shemeji hakuwa na haraka yoyote. Tangu siku ya kwanza alihamia kwenye kochi, akasema, "Wewe lala vizuri upate nafasi." Alidhani anafanya hisani. Alikuwa anaogopa, kama alivyokuja kukiri baadaye, kwamba angegeuka usiku amgonge tumboni, na kwamba huko ndani pameshabadilika, akigusa atavunja kitu. Dada alimsikiliza akikoroma sebuleni na kuelewa jambo tofauti kabisa. Alielewa kwamba ameshaachwa ndani ya nyumba yake, na kinachofuata ni kuongezewa mwenzake. Watu wawili wanaopendana walilala vyumba viwili wiki tano kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana kwenye karatasi.

Maswali aliyoniuliza jikoni nimeyasikia baadaye kwa wanawake wengine, karibu kwa maneno yaleyale. Kizazi kikishatoka, pale panabaki shimo? Hapabaki. Matumbo yanasogea na kujaza nafasi, kama yanavyosogea kupisha mimba na kurudi baada ya kujifungua. Mbegu za mume zitakwenda wapi? Zinatoka nje, kama zilivyokuwa zikitoka sehemu kubwa siku zote. Mume atagusa nyuzi? Baada ya kupona hakuna nyuzi, ni nyama laini kama nyingine. Uke umefupika? Katika upasuaji wa kawaida wa kutoa kizazi kwa ajili ya uvimbe, unaobaki unamtosha mke na mumewe.

Na je, utamu? Hili dada aliliuliza akiangalia sufuria.

Kiungo chenye mishipa mingi zaidi ya raha ya mwanamke ni kinembe, na kisu cha kutoa kizazi hakikifikii. Sehemu yake inayoonekana kwa nje ni ndogo. Daktari Helen O'Connell wa Australia alionyesha mwaka 1998, kwa kuchunguza miili, kwamba kimeenea ndani kuliko vitabu vingi vya tiba vilivyokuwa vikichora. Kwa wanawake wengi kufika kileleni kunategemea hicho. Wapo pia ambao wanapofika huhisi kizazi chenyewe kikijibana na kuachia, au hupata raha shingo ya kizazi inapoguswa. Hao wanaweza kuona tofauti, na wana haki ya kuambiwa mapema na ya kuaminiwa wakisema hivyo.

Shingo ya kizazi ilizua ubishi wa miaka 20. Mwaka 1983 daktari Pentti Kilkku wa Finland aliandika kwamba wanawake walioachiwa shingo walibaki na raha zaidi kuliko waliotolewa yote. Habari ikaenea, na madaktari wengi wakaanza kuiacha kwa ajili ya ndoa. Jibu lenye nguvu likatoka London mwaka 2002. Wanawake 279 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaachiwa shingo, wengine wakatolewa. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti chumbani kati ya makundi hayo mawili. Kwa nchi zetu naona hesabu iwe nzito zaidi, kwa kuwa shingo iliyobaki inaweza kupata saratani na lazima iendelee kupimwa, na saratani ya shingo ya kizazi inaua wanawake wa Afrika Mashariki kuliko karibu popote duniani.

Habari ambayo dada hakuwa ameitegemea ni ya Maryland, Marekani. Wanawake 1,101 wa umri wa kama wake waliulizwa habari za chumbani kabla ya kutolewa kizazi, kisha wakafuatiliwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Wengi walikuwa wamepasuliwa tumbo. Kabla ya upasuaji, karibu 19 katika kila 100 walipata maumivu ya mara kwa mara wakati wa tendo. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 4.3, na miaka miwili baadaye 3.6. Waliokosa hamu walipungua kutoka 10.4 hadi 6.2. Wasiofika kileleni walipungua pia. Uholanzi mwaka 2003 hospitali 13 zilifuatilia wanawake 413 zikakuta hali hiyohiyo, kwamba raha iliongezeka kwa jumla, bila kujali kizazi kilitolewa kupitia tumboni au ukeni. Tafiti zilizokuja baadaye za matundu madogo zimeelekea upande huohuo. Njia ya kuingilia ina nguvu kwenye siku za kulala wodini, maumivu ya wiki za kwanza na kovu. Chumbani, baada ya miezi sita, kinachopima zaidi ni ugonjwa uliompeleka mtu hospitali, ovari zake, na mapenzi yaliyokuwepo kabla.

Nilipomsomea haya dada alinyamaza muda. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: miaka minne ya mwisho tendo la ndoa lilikuwa likimchoma kwa ndani, kama kisigino kinakandamiza, na alikuwa akiuma ncha ya mto. Alidhani ndivyo wanawake wanavyokuwa wakifika umri ule. Ulikuwa uvimbe.

Takwimu hizo zisitumike kumnyamazisha anayeumia, maana wapo. Katika mapitio ya tafiti nyingi, mwanamke mmoja hadi wawili kati ya kumi husema mambo ya chumbani yamezidi kuwa mabaya baada ya kutolewa kizazi. Walio hatarini zaidi wanajulikana: waliokuwa na sonona kabla ya upasuaji, waliokuwa na shida chumbani tangu mwanzo, waliokuwa kwenye ndoa yenye ugomvi. Na waliotolewa ovari.

Hapa nataka msomaji atulie, kwa sababu ovari zinaweza kuondolewa bila mwenyewe kujua. Wanawake wengi wanasema "nimetolewa kizazi" na hawajui kama ovari zilibaki. Kizazi peke yake kikitoka, hedhi inakoma, lakini ovari zinaendelea kutoa homoni. Ovari zote mbili zikitoka kwa mwanamke wa miaka 40, anaingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, safari ambayo kwa kawaida ingemchukua miaka. Joto linampanda usiku, usingizi unakimbia, uke unakauka na ngozi yake inakuwa nyembamba. Ovari ndizo pia hutoa karibu nusu ya testosteroni ya mwanamke, homoni inayohusika na hamu, kwa hiyo hamu nayo inaweza kushuka. Mifupa na moyo vinapoteza kinga yao mapema. Mume anayeona mkewe hana hamu na ni mkavu anaweza kuapa kwamba hapendwi tena, kumbe ni estrojeni.

Kuna sababu nzuri za kutoa ovari, kama saratani au hatari yake ya kurithi. Bila sababu hizo, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, swali la kwa nini zitolewe linatakiwa lijibiwe kwa maneno kabla ya saini. Na zikitolewa, tiba ipo. Kuna estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni, kuna homoni za vidonge au za kubandika kwa wanaoruhusiwa kuzitumia, na kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa famasi bila cheti. Mafuta ya nazi watu wanayapenda, ila yanaharibu kondomu za mpira. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake kwanza kuhusu homoni.

Kinachonitia hofu ni kile ambacho wanawake wetu wanafanya kwa kukosa maelezo. Mwanamke anayeamini amebaki shimo anakwenda sokoni kununua shabu, ile ile ya kusafishia maji, anaisaga na kuiweka ukeni ili "abane". Mwingine anapewa mzizi. Mwingine anaoshea ndani maji ya ndimu. Kwenye uke wenye mshono wa wiki tatu, hayo ni kumwaga chumvi kwenye kidonda na kukichubua. Kujifukiza udi nguo na mwili ni mila yetu nzuri na haina ugomvi na mshono. Kuingiza vitu ndani ni jambo jingine.

Matundu madogo hayatumiki kwa kizazi peke yake. Mwanamke anayefunga mirija asiogope kitu: ovari zake ziko palepale, homoni zake zilezile, na wengi hupumzika tu na hofu ya mimba. Anayetolewa uvimbe na kuachiwa kizazi ana mshono kwenye kizazi chenyewe, uke wake haujaguswa, na muda wa kusubiri huwa mfupi zaidi. Wenye endometriosisi, ambao tishu zinazofanana na za ndani ya kizazi huota nje yake na kuumiza vibaya wakati wa tendo, mara nyingi hupata nafuu kubwa chumbani vidonda hivyo vikiondolewa. Hao nao wamchague daktari kwa makini, maana mishipa inayopeleka hisia na unyevu ukeni hupita nyuma ya kizazi karibu na mahali ugonjwa unapokita mizizi, na ikikatwa hairudi.

Nami ninayeyasifu matundu madogo lazima niseme pale yaliposhindwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 631 wenye saratani ya awali ya shingo ya kizazi, waliotolewa kizazi pamoja na tishu za jirani. Miaka minne na nusu baadaye, 96.5 katika kila 100 waliopasuliwa tumbo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Waliofanyiwa kwa matundu madogo walikuwa 86. Hospitali nyingi duniani zilirudi kwenye kisu kirefu kwa ugonjwa huo. Harry Reich alipotoa kizazi kwa njia ya kamera kwa mara ya kwanza huko Pennsylvania mwezi Januari 1988 aliwapunguzia maumivu mamilioni ya wanawake waliokuja baadaye, lakini tundu dogo si bora kwa kila ugonjwa, na mwenye saratani asilidai kwa sababu ya kovu.

Sisi watu wa pwani hatukuwahi kukosa maneno ya chumbani. Tuna kungwi, tuna somo, tuna unyago. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye ulimwengu ulimjua kwa taarabu, nyumbani alijulikana pia kwa kufunda wari, ngoma ikiwa katikati ya mapaja yake. Mwari alifundishwa mwili wake na mwili wa mumewe kwa nyimbo na viuno, bila haya, kwa sababu waliomfundisha waliamini ndoa haiwezi kuachwa ijifunze yenyewe. Somo hilo hutolewa mara moja, msichana akiwa anavunja ungo au anakwenda kuolewa. Akifika miaka 44 na kulazwa kitandani mwa hospitali, hakuna anayemfunda upya, na somo wake, hata akiwa hai, hajui chochote kuhusu mshono wa juu ya uke.

Kazi hiyo imebaki kwa muuguzi na daktari, na wengi wao hawaifanyi. Siwalaumu kwa wepesi. Nimekaa kwenye benchi za kliniki, nimeona foleni, nimeona chumba kimoja chenye meza mbili na wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, wakitenganishwa na pazia lisilofika chini. Mtu hawezi kuuliza habari za mumewe pale. Hata hivyo kuna dodoso linalotumiwa na watafiti duniani tangu mwaka 2000 kupima afya ya tendo la ndoa kwa mwanamke, lina maswali 19 tu, kuhusu hamu, msisimko, unyevu, kilele, kuridhika na maumivu. Likitafsiriwa kwa Kiswahili cha heshima na kutolewa kabla ya upasuaji, mwanamke angelijaza mwenyewe akiwa kwenye benchi, bila kumtazama mtu usoni. Na karatasi ya kuruhusiwa ina nafasi ya mstari mmoja zaidi. Kama inaweza kutaja ndoo, inaweza kutaja tendo la ndoa.

Wiki ya nane nilimsindikiza dada kliniki, na safari hii shemeji hakubaki kwenye gari. Daktari aliuangalia mshono, akasema umeshika. Dada alinitazama. Mimi nikamtazama shemeji. Shemeji akakohoa, akauliza yeye. Daktari hakushangaa hata kidogo. Aliwaambia wanaweza, waende taratibu, watumie kilainishi, mara za kwanza mke awe ndiye anayeongoza ni ndani kiasi gani, na wakiona damu nyingi au maumivu makali wasimame na warudi. Akawaambia pia kwamba ovari zote mbili zimebaki. Dada hakuwa analijua hilo hadi dakika ile.

Shemeji amesharudi chumbani. Mengine ni yao, isipokuwa moja ambalo dada alitaka niliandike: haumi ncha ya mto tena.

Wewe mwenye tarehe ya upasuaji wiki hii au mwezi ujao, chukua karatasi uandike kabla hujasaini fomu. Ovari zangu zinabaki au zinatoka, na kwa nini? Shingo ya kizazi je? Mshono wa ndani atauangalia nani, na lini? Mimi na mume wangu tukutane baada ya wiki ngapi? Mumeo aingie nawe ndani ayasikie majibu kwa masikio yake. Dada yangu alipata majibu ya yote hayo kwa muda usiozidi dakika kumi.